Swami, Mwanasheria na Aya ya Zaburi: Uchambuzi wa Kisa cha John Main

Wakristo wanapojadili kama sala yao inaweza kupokea chochote chema kutoka kwa Wahindu, mjadala mara nyingi haufiki popote kwa sababu kila upande huzungumzia dini nzima kwa mkupuo. Kisa kimoja kilichowahusu watu wawili, mahali panapojulikana na katika miaka inayojulikana, hutusaidia zaidi. Kisa ninachokichambua hapa ni cha John Main, mwanasheria aliyekuja kuwa mmonaki Mbenedikto. Alifundishwa kutulia katika sala na swami mmoja, yaani mwalimu wa kiroho wa Kihindu, wa Kuala Lumpur katikati ya miaka ya 1950, akaagizwa aiache sala hiyo alipoingia monasterini, kisha akaikuta tena miaka mingi baadaye ndani ya kitabu cha Kikristo cha karne ya 5. Wafuasi wake hukisimulia kisa hiki kama habari ya mtu aliyekwenda mbali akagundua kwamba alichokitafuta kilikuwa nyumbani kwao siku zote. Wapinzani wake hukisimulia kama habari ya Uhindu uliovishwa kanzu ya kimonaki. Masimulizi yote mawili yanaficha deni halisi lililopo baina ya Main na mwalimu wake, na bila kulipima deni hilo hatuwezi kusema kwa haki kama sala ya Kikristo ilitajirishwa au ilibadilishwa.

Mkutano wa Kuala Lumpur

Main alizaliwa London tarehe 21 Januari 1926 katika familia ya Kiayalandi iliyokuwa na asili yake Ballinskelligs, katika jimbo la Kerry, akapewa jina la Douglas. John ni jina alilolichukua baadaye utawani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Uingereza, akajaribu utawa katika shirika jingine akatoka, akasoma sheria katika chuo cha Trinity mjini Dublin, kisha akaingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Alifundishwa Kichina, akapelekwa Malaya mwaka 1955. Nchi hiyo ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari tangu 1948 kwa sababu ya vita vya msituni dhidi ya wapiganaji wa Kikomunisti, na ilikuwa imebakiza miaka miwili tu kupata uhuru.

Siku moja ofisi ilimtuma kwa Swami Satyananda, mwanzilishi wa Pure Life Society, jumuiya iliyoendesha makao ya watoto yatima na shule, na ambayo haikumbagua mtu kwa dini yake. Ilikuwa safari ya kawaida ya kiserikali, ya kupeleka salamu na kuonyesha nia njema. Shughuli za kiofisi zilipokwisha, Main alimwomba mwenyeji wake amweleze msingi wa kiroho wa kazi yake. Swami alijibu kwa kuzungumzia tafakuri, kisha akamuuliza mgeni kama yeye naye hutafakari.

Main alieleza alichokuwa akikifanya: kuchukua tukio la Injili, kulijengea picha akilini, kulifikiria, na kutoka nalo na azimio la mwenendo. Hiyo ndiyo njia iliyoenea kati ya Wakatoliki kutokana na mafunzo ya Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, na ilikuwa karibu njia pekee aliyofundishwa mlei aliyetaka kusali zaidi ya sala za kukariri. Swami alinyamaza kidogo, kisha akamwambia kwa upole kwamba mapokeo yake ni tofauti kabisa. Kwake yeye, kutafakari ni kuja kutambua kimya kimya uwepo wa Roho wa ulimwengu wote anayekaa ndani ya moyo wa mtu, na alimsomea maneno ya Upanishadi ya Chandogya, mojawapo ya maandiko matakatifu ya Kihindu, kuhusu Yule ambaye ndani yake yamo matendo yote, manukato yote na ladha zote, naye yumo moyoni.

Main aliomba afundishwe. Masharti aliyopewa yalikuwa machache na magumu. Atafakari kila siku, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Akae bila kujitikisa. Achague neno moja takatifu, yaani mantra, alirudie moyoni kuanzia mwanzo wa kipindi hadi mwisho wake, na katika muda huo asiruhusu fikra, picha wala mazungumzo mengine ya ndani. Na kwa kuwa yeye ni Mkristo, achague neno la Kikristo. Kwa muda wa miezi kumi na minane hivi alikuwa akienda kwa swami mara moja kwa wiki, wakaketi pamoja kimya kwa nusu saa.

Ushahidi wa kisa hiki una udhaifu mmoja ambao sharti tuukubali mapema. Masimulizi haya yanatoka kwa Main mwenyewe, naye aliyatoa mbele ya Watrapisti, wamonaki wanaoshika sana ukimya, wa monasteri ya Gethsemani, Kentucky, mwaka 1976, takriban miaka ishirini baada ya tukio. Swami Satyananda alikuwa amefariki tangu 1961. Tunamsikia swami kupitia kinywa cha mwanafunzi aliyekuwa tayari ameshasoma vitabu vya mababa wa jangwani, yaani wamonaki wa kwanza wa Kikristo, na ambaye hadhira yake ilikuwa wamonaki. Hata hivyo masimulizi hayo yana alama ya ukweli: mambo ambayo Main angenufaika kuyalainisha mbele ya hadhira ile, hakuyalainisha. Alisema wazi kwamba aliyemfundisha kusali ni Mhindu.

Ukarimu wa swami ulitoka wapi

Wengi wanaokieneza kisa hiki hufurahia hasa kwamba swami hakujaribu kumgeuza Main awe Mhindu. Wanauchukulia ushauri wake, kwamba achague neno la Kikristo na amfuate Kristo, kama uthibitisho kwamba mbinu aliyoitoa haikuwa na dini ndani yake, kana kwamba ni chombo kitupu kinachoweza kujazwa kinywaji chochote. Mimi sikubaliani na usomaji huo.

Katika Uhindu lipo wazo la kale la ishta-devata, yaani sura ya Mungu ambayo mja ameichagua au amepewa kulingana na hali yake, na ambayo anapaswa kuishika kwa uaminifu bila kudharau sura zinazoshikwa na wengine. Katika karne ya 19 Ramakrishna wa Bengali alilipanua wazo hilo hadi kuzihusisha dini zote, akafundisha kwamba Mkristo na Mwislamu nao wanafika kwa njia zao, na mwanafunzi wake Vivekananda akalieneza duniani. Mwalimu wa Kihindu wa karne ya 20 anapomwambia Mkristo abaki na Kristo wake, anatenda sawasawa na imani yake ya Kihindu. Ushauri huo una heshima kubwa ndani yake, lakini una pia mafundisho: kwamba majina ni mengi na anayetajwa ni mmoja, na kwamba jina ni ngazi. Mkristo anaweza kuupokea kwa shukrani ilhali anashindwa kutia sahihi chini ya hoja inayoubeba, kwa maana kwake Yesu si sura mojawapo kati ya sura nyingi za kuchagua.

Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza kulikuwa na kutoelewana kwenye amani kati ya mwalimu na mwanafunzi. Swami alimpa Main nidhamu akiamini jambo moja kuhusu jina litakalorudiwa, na Main aliipokea akiamini jambo jingine. Jambo la kushangaza, na ambalo lingetosha kuwafanya wanaoogopa kila kukutana kwa dini wasite kidogo, ni kwamba kutoelewana huko hakukuharibu kitu. Miezi kumi na minane ya kukaa kimya pamoja ilimwacha Main akiwa Mkatoliki mwenye bidii kuliko alivyofika.

Amri ya kuacha

Mwaka 1956 Main alirudi Dublin akafundisha sheria katika chuo chake cha zamani, akiendelea na sala yake ya asubuhi na jioni. Mwaka 1958 mtoto wa dada yake alifariki akiwa bado mdogo, na msiba huo ulimsukuma kuuliza upya maisha yake ni ya nini. Mwaka uliofuata aliingia abasia ya Wabenedikto ya Ealing, magharibi mwa London. Huko, mlezi wa wanovisi alimwambia aache namna yake ya kusali, kwa sababu haikuwa sala ya Kikristo, na arudi katika tafakari ya fikra na maazimio. Main alitii. Aliacha kwa zaidi ya miaka kumi.

Ni rahisi kumcheka mlezi huyo. Wasimulizi wengi humfanya mfano wa ugumu wa Kanisa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na kweli hati ya Nostra aetate, iliyosema kwamba Kanisa Katoliki halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine, haikutolewa hadi tarehe 28 Oktoba 1965. Lakini mlezi alikuwa na hoja. Novisi hawezi kuwa na viongozi wawili wa roho, mmoja chumbani na mwingine Malaya. Tena, ukweli ni kwamba wakati ule Main hakuwa na namna ya kuonyesha kwamba sala ile ina mizizi katika imani yake. Alichokuwa nacho ni ushuhuda wa nafsi yake kwamba inamfaa, na ushuhuda wa namna hiyo kila mlezi wa utawa hujifunza kuutilia shaka.

Upo upande wa pili wa jambo hili ambao nauona kuwa mzito zaidi. Aya ambayo baadaye ingemrudishia Main sala yake, mlezi wake alikuwa akiitamka mwanzoni mwa kila kipindi cha Masifu, sala ya pamoja ya wamonaki, kila siku ya maisha yake ya kimonaki. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 18, inaagiza vipindi vya sala vya mchana vianze na maneno ya mwanzo wa Zaburi ya 70. Wamonaki wa Peramiho na Ndanda, na kila Mkatoliki anayesali Sala ya Kanisa kwa Kiswahili, wanayajua: “Ee Mungu, utuelekezee msaada. Ee Bwana, utusaidie hima.” Wabenedikto walikuwa wameishika aya hiyo kwa karne kumi na nne, na walikuwa wamesahau kazi nyingine iliyokuwa ikifanya kabla haijawa kifungua sala.

Main mwenyewe, alipoangalia nyuma, aliihesabu miaka ile ya ukame kuwa neema, kwa kuwa ilimfundisha kuachilia hata kitu alichokithamini kuliko vyote. Mtu anaweza kuona humo uchaji wa kawaida wa mtawa anayefanya mema kutokana na mabaya. Mimi naona pia sababu ya kihistoria. Kama angeruhusiwa kuendelea, sala ile ingebaki kuwa jambo lake la binafsi, kumbukumbu ya mtumishi wa serikali kutoka makoloni, na pengine hakuna mtu mwingine ambaye angeisikia. Iliponyang'anywa, ilibidi irudi kwa njia nyingine, na njia hiyo ilikuwa maktaba ya shirika lake.

Kasiano

Main alipewa upadre mwaka 1963, akafundisha katika shule ya abasia, na mnamo 1970 akawa mkuu wa shule ya abasia ya St Anselm mjini Washington. Hapo alifika kijana mmoja aliyekuwa ameonja mafundisho ya Mashariki, akauliza kama Wakristo nao wana mapokeo ya ndani ya namna hiyo. Swali hilo lilikuwa la kawaida Marekani ya miaka ile, ambapo maelfu ya vijana waliobatizwa walikuwa wakijifunza kwa walimu wa Kihindi mambo waliyoamini hayapo makanisani. Main alimpa kitabu cha Augustine Baker, Mbenedikto Mwingereza wa karne ya 17, naye mwenyewe akakisoma upya. Baker alimwelekeza kwa Yohane Kasiano.

Kasiano alikuwa ametembea jangwa la Misri mwishoni mwa karne ya 4 pamoja na rafiki yake Germano, wakiwasikiliza wazee wa huko, na katika miaka ya 420, akiwa Marseille, aliandika mazungumzo hayo kwa ajili ya wamonaki wa Galia, yaani Ufaransa ya leo. Benedikto katika Kanuni yake anaagiza yasomwe. Katika mazungumzo ya kumi, Abba Isaka, mmoja wa wazee hao, anawafundisha vijana hao wawili jinsi ya kumkumbuka Mungu bila kukatizwa. Anawapa aya moja, ile ile ya Zaburi ya 70, na kuwataka wairudie moyoni bila kukoma: wanapokula, wanaposafiri, wanapolala, wanaposhambuliwa na hasira au usingizi au majivuno. Anasema fundisho hilo walilipokea kwa wazee wachache waliokuwa wamebaki, na kwamba hawalitoi ila kwa wachache walio na kiu kweli. Na anasema akili iishike aya hiyo mpaka ikatae utajiri wa fikra nyingine zote na kujifunga katika umaskini wa aya moja.

Main aliposoma maneno hayo alisikia sauti ya mwalimu wake wa Kuala Lumpur. Alianza tena kusali kama zamani. Neno alilolifundisha kwa wengine lilikuwa “Maranatha”, sala ya Kiaramu ambayo Paulo aliiacha bila kuitafsiri mwishoni mwa Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, na ambayo Ufunuo unaifungia Biblia kwa maana yake: “Na uje, Bwana Yesu.” Alifundisha litamkwe kwa silabi nne zenye urefu sawa, polepole, tangu mwanzo hadi mwisho wa nusu saa.

Hapa ndipo uchambuzi unapotakiwa kwenda taratibu, kwa sababu furaha ya kugundua ilimfanya Main, na baada yake wafuasi wake, kusema kana kwamba Isaka na Satyananda walifundisha kitu kile kile. Hawakufundisha kitu kile kile.

Aya ya Isaka ni ombi, na ina uzito wake kwa sababu ni ombi. Anatumia kurasa nyingi kuonyesha jinsi inavyobeba kila hisia ambayo moyo wa mwanadamu unaweza kuwa nayo: hofu ya aliyezingirwa, unyenyekevu wa anayejua udhaifu wake, imani ya anayejua kwamba atasikilizwa. Mwenye kuisali anatazamiwa kuimaanisha, na kuimaanisha kwa namna tofauti kila hali inapobadilika. Tena Isaka haagizi nusu saa ya kukaa. Aya yake ni ya mchana kutwa, ya shambani na njiani, na anasema iandikwe hata kwenye miimo ya milango. Umaskini anaouzungumzia ni mahali ambapo mtu anafika baada ya kuisali kwa muda mrefu, na nyuma yake ipo sala nyingine, ile anayoiita ya moto, isiyo na sauti wala neno hata moja, ambayo Mungu huitoa apendapo.

Sala ya Main ina muundo mwingine. Neno alilichagua kwa sehemu kwa sababu ni la lugha ambayo wasikilizaji wake hawaijui, ili lisizue picha wala mawazo. Alifundisha kwamba wakati wa kusali mtu asilifikirie maana yake, alisikilize tu kama sauti. Vipindi viwili vya kila siku, kuketi wima bila kujitikisa, neno lisilokatizwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kuachwa kwa kila fikra hata iliyo njema, na kikundi kinachokutana mara moja kwa wiki kukaa kimya pamoja: haya yote alikuwa nayo kabla hajamfungua Kasiano, na yote aliyapata kwa swami. Alichokipata kwa Kasiano ni haki ya kuyatenda akiwa mmonaki, lugha ya kuyaeleza kwa Wakristo, hasa lile neno “umaskini”, na mahali pa kuyaweka katika historia ya Kanisa lake.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri tukiangalia majirani zake wa wakati ule. Katikati ya miaka ya 1970 Watrapisti wa Spencer, Massachusetts, walianza kufundisha njia yao ya sala ya ukimya, wakitegemea kitabu cha Kiingereza cha karne ya 14 kuhusu wingu la kutokujua. Nao walitumia neno takatifu, lakini kwao mtu hulirudia pale tu anapogundua kwamba mawazo yamemchukua. Main alishikilia kwamba neno lisiachwe kamwe. Katika jambo hilo dogo la kiutendaji, ambalo mgeni anaweza kulipita bila kuliona, mkono wa Satyananda unaonekana wazi kuliko mahali pengine popote.

Kipimo cha Kanisa

Main alirudi Ealing mwaka 1974, na mwaka uliofuata akafungua hapo kituo cha kwanza cha tafakari ya Kikristo, akiwapokea walei. Mwaka 1977 alihamia Montreal kwa mwaliko wa askofu msaidizi Leonard Crowley, akifuatana na mmonaki kijana Laurence Freeman, wakaanzisha jumuiya ndogo. Alifariki kwa saratani tarehe 30 Desemba 1982, akiwa na miaka 56. Mwaka 1991, katika semina inayobeba jina lake iliyofanyika New Harmony, Indiana, vikundi vilivyokuwa vimeenea katika nchi nyingi vilijiunga kuwa Jumuiya ya Ulimwengu ya Tafakari ya Kikristo.

Mwongozaji wa semina hiyo alikuwa Bede Griffiths, na uwepo wake unastahili kutajwa kwa sababu yeye alipita njia iliyo kinyume kwa sura. Griffiths, Mbenedikto Mwingereza, alikwenda India mwaka ule ule wa 1955 ambao Main alikwenda Malaya, na kuanzia 1968 aliongoza ashramu, yaani makao ya kiroho ya mtindo wa Kihindi, ya Shantivanam kando ya mto Kaveri, iliyoanzishwa mwaka 1950 na Wafaransa wawili, Jules Monchanin na Henri Le Saux. Huko wamonaki walivaa nguo za rangi ya zafarani, waliketi chini, waliimba Kisanskriti na kusoma Upanishadi kabla ya Zaburi. Main alibaki na kanzu nyeusi na chumba kitupu chenye mshumaa. Mtazamaji angedhani Shantivanam ndiko kulikokopa zaidi. Lakini nguo na nyimbo huonekana na kujadiliwa na maaskofu. Namna ya kuitumia akili wakati wa sala haionekani, na ndiyo inayogusa kiini cha sala yenyewe.

Tarehe 15 Oktoba 1989, sikukuu ya Teresa wa Avila, Idara ya Mafundisho ya Imani ya Vatikano ilitoa barua kwa maaskofu kuhusu tafakari ya Kikristo, iliyotiwa sahihi na Kardinali Joseph Ratzinger. Watu wengi waliisoma kama marufuku. Maandishi yenyewe yana uangalifu zaidi: yanasema njia za dini nyingine zisikataliwe moja kwa moja kwa sababu tu si za Kikristo, na kwamba mtu anaweza kuchukua kilicho na manufaa ndani yake, mradi asiifunike dhana ya Kikristo ya sala, mantiki yake na madai yake. Kisha yanaonya juu ya kuchukulia utulivu wa mwili kuwa ni faraja ya Roho Mtakatifu.

Tukiweka kisa cha Main juu ya mizani hiyo, mambo mawili yanapita bila shida. Kuhusu hisia za mwili, Main alikuwa mkali kuliko barua yenyewe: aliwakataza wanafunzi wake kutafuta tukio lolote, kupima maendeleo yao, au kuthamini amani wanayoisikia. Kuhusu nani anayesali, mafundisho yake yalisimama juu ya Waraka kwa Warumi, kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo na Roho mwenyewe hutuombea. Kwake, ukimya wa mtu ni nafasi ya kuingia katika sala ambayo Kristo anamwelekea Baba, na hapo tofauti na Chandogya ni kubwa. Yule Roho wa moyoni aliyesomwa na swami, mdogo kuliko punje ya mpunga na mkubwa kuliko dunia, mwishowe ndiye nafsi yenyewe ya mtu. Katika mafundisho ya Main mtu anabaki kuwa mwana anayependwa, na pendo linahitaji wawili.

Jambo la tatu halipiti kwa urahisi. Teresa wa Avila, mtawa Mkarmeli wa Hispania, katika makao (yaani sehemu) ya nne ya kitabu chake Ngome ya Ndani, anawaonya wanaojaribu kuisimamisha akili kwa nguvu zao kabla Mungu hajaisimamisha. Anaona humo ubatili na hatari ya kubaki mkavu. Wakarmeli wengi wamelisisitiza onyo hilo dhidi ya kila sala inayofundishwa kama mbinu. Main alijibu kwamba neno si mbinu ya kuzalisha kitu, ni kujinyima, ni kuweka chini fikra zako zote kama anayefunga anavyoweka chini chakula. Jibu hilo lina nguvu, tena linakaa vizuri na mafundisho ya Isaka kuhusu umaskini. Hata hivyo Isaka haanzii hapo. Anamwanzisha mwanafunzi na kilio cha mwenye shida anayejua anamlilia nani, na anauacha umaskini uje wenyewe.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo deni kwa swami linapokuwa faida na gharama kwa pamoja. Bila Satyananda, aya ya Isaka ingeendelea kusomwa kama historia, kwa kuwa walioirithi walikuwa nayo midomoni bila nidhamu ya kuishi nayo. Swami alimpa Main saa, mkao, subira, na imani kwamba mlei mwenye kazi za ofisi anaweza kufanya hivyo kila siku. Hilo ni utajirisho wa kweli, na kuliita “kugundua upya mapokeo yetu” bila kumtaja aliyewezesha ugunduzi ni kutomtendea haki, kosa ambalo, kwa heshima yake, Main hakulifanya. Gharama ni kwamba pamoja na nidhamu hiyo kulikuja wazo kwamba jina lifanye kazi bila kumaanishwa, wazo ambalo lina nyumba yake halali katika mapokeo ya Kihindu ya sauti takatifu, na ambalo katika Kasiano halina.

Anayeelekeza kikundi cha sala ya namna hii, iwe Montreal au Dar es Salaam, angefanya vyema kuwapa wanaoanza ile aya nzima, kwa lugha wanayoielewa, na kuwaruhusu waisali kwa miezi kadhaa wakimaanisha kila neno, ndani ya vipindi viwili vya kila siku vile vile alivyoviagiza swami. Baadhi yao wataona aya inafupika yenyewe hadi neno moja, na neno hilo linapungua sauti. Hao ndio wa kuelezwa habari za Maranatha na ukimya wa silabi nne. Wengine watabaki na aya nzima hadi mwisho wa maisha yao, na Isaka hakuwahi kusema kwamba hao wamepungukiwa.